Siku Mbili Mwanza: Panga Safari kwa Saa za Ziwa

Mara ya kwanza nilipowapokea wadogo zangu wawili kutoka Dar es Salaam, muda mfupi baada ya kuhamia Mwanza kikazi, niliwaandalia ratiba ambayo mwenyeji wa kweli angeicheka. Jumamosi asubuhi tungepanda meli kwenda kisiwa cha Ukerewe na kurudi jioni; Jumapili tungeanza na Kisiwa cha Saanane, tupitie makumbusho ya Bujora, kisha niwafikishe uwanja wa ndege. Meli ya kawaida ya kwenda Nansio, bandari ya Ukerewe, huchukua takriban saa tatu, na mimi sikuwa nimeuliza ya kurudi inaondoka lini. Tulilala Nansio bila hata mswaki, tukarudi Jumapili mchana, na wadogo zangu wakaondoka wakiwa wameiona Mwanza kupitia pembeni mwa bajaji. Ukerewe ni pazuri mno, lakini panastahili safari yake, wala si kipande cha safari ya watu wengine.

Tangu hapo nimepokea wageni wengi, na nimeacha kabisa kupanga ziara kwa kuorodhesha vivutio. Sasa ninapanga kwa saa, kwa sababu mji huu unaishi kwa kulifuata Ziwa Victoria. Asubuhi maji huwa yametulia, mchana upepo huanza kuvuma kutoka ziwani na mawimbi huinuka, jioni jua huzama upande wa maji, na usiku wavuvi wa dagaa huwasha taa zao. Kila jambo lina wakati wake, na ukilifanya nje ya wakati huo utakuwa umelipia nauli ya bure.

Anza na kuchagua tarehe, na hapa nina ushauri ambao wageni wangu wote huustaajabia: angalia mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, na taa hizo huwavuta vizuri zaidi kunapokuwa na giza. Kwa hiyo mbalamwezi inapokuwa kali wavuvi wengi hupumzika na kushona nyavu, na ziwa hubaki kimya. Lakini ukija wakati wa giza, ukapanda usiku mahali palipoinuka kama Isamilo au juu ya mawe ya Capri Point, utaona taa za mitumbwi zimetandaa majini kana kwamba kuna mji mwingine ng'ambo. Hakuna kiingilio cha jambo hilo, ila uende na mwenyeji anayezijua njia. Kuhusu mvua, miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo mikavu. Kuanzia Oktoba hadi Mei mvua zipo kwa vipindi. Anayependa ngoma na achague Juni, wakati wa Bulabo, sherehe ya Wasukuma inayofungamana na sikukuu ya Ekaristi Takatifu, ambapo makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu hushindana kucheza.

Kuhusu usafiri sitasema mengi. Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100, hivyo basi litakula mchana mzima au usiku mzima. Mwenye siku mbili tu na apande ndege, au aombe ruhusa ya siku mbili zaidi kazini. Uwanja wa ndege uko Ilemela, yapata kilomita 10 kutoka katikati ya mji. Mabasi ya kusini hushusha Nyegezi na ya upande wa Musoma hushusha Nyamhongolo, na vituo vyote viwili viko mbali na katikati, kwa hiyo tenga nauli ya daladala au bajaji. Lala karibu na katikati ya mji, hata kama chumba ni kidogo, ili jioni uweze kutembea kwa miguu hadi ufukweni.

Jumamosi uamke mapema, uende Mwaloni, Kirumba. Mwalo ni mahali mitumbwi inapopakulia samaki, na soko hili limekua hadi kuvuta wafanyabiashara wa kutoka nchi jirani. Harufu itakupokea kabla hujashuka, nami nakusihi usizibe pua mbele ya watu wanaokula kwa jasho la kazi hiyo. Utaona magunia ya dagaa yaliyorundikwa kupita kimo cha mtu, na sangara waliopasuliwa, wakatiwa chumvi na kuanikwa, ambao hapa huitwa kayabo. Salimia kwanza: "Mwangaluka" asubuhi, "Mwadila" baada ya mchana. Kisukuma changu kinaishia karibu na hapo, lakini salamu hiyo moja imewahi kunipatia kiti, maelezo ya nusu saa na bei ambayo shemeji yangu aliyetangulia kuuliza hakuipata. Usipige picha ya mtu bila kumwomba.

Ikifika saa tatu, nenda Saanane wakati maji bado yametulia. Kisiwa hiki kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, kikiwa kimebeba jina la Mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi humo, na mwaka 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa. Boti huondoka upande wa Capri Point na safari ni ya dakika chache. Beba kitambulisho cha taifa, kwa sababu kiingilio cha Mtanzania ni cha chini kuliko cha mgeni wa nje, na uwe na fedha kwenye simu au kadi badala ya kutegemea noti mfukoni. Utaona swala, pundamilia, pimbi waliojaa kwenye mawe na mijusi yenye rangi ambazo watoto hawaziamini. Vaa viatu vinavyoshika, maana kupanda juu ya yale majabali ndiyo raha yenyewe ya kisiwa. Mdogo wangu wa kike alikuja mara ya pili na ndala, akatazama mandhari yote akiwa amekaa chini.

Mchana usifanye kitu. Nasema hili kwa dhati, kwa sababu wageni huona aibu kupumzika wakiwa wamelipa nauli. Kaa kivulini, agiza sato mzima na ugali, ukubali kusubiri, kwani sato wa kukaangwa papo hapo hahitaji haraka. Ukijaribiwa na joto kuingia majini, jizuie: ziwa lina kichocho, na kwenye baadhi ya fukwe kuna mamba.

Saa kumi na moja nenda kwenye kivuko cha Kamanga. Wengi huenda pale kutazama Jiwe la Bismarck, lililopewa jina la kansela wa Ujerumani wakati wa ukoloni, wakapiga picha mbili na kuondoka. Mimi huwapandisha wageni wangu kivuko chenyewe hadi ng'ambo ya Sengerema na kurudi nacho, kwa nauli ile ile wanayolipa wenye mikungu ya ndizi na pikipiki. Ndiyo matembezi ya ziwani yenye gharama nafuu kuliko yote ninayoyajua. Uliza kwanza kivuko cha mwisho cha kurudi ni saa ngapi. Nadhani unajua kwa nini nasisitiza. Jua la hapa huzama karibu saa moja kasoro dakika kumi, yapata nusu saa baada ya Dar es Salaam, kwa hiyo mgeni wa pwani hudhani amechelewa kumbe bado ana muda.

Jumapili ni siku ya Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyo Kisesa, takriban kilomita 20 kwa barabara ya Musoma. Yalianzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Quebec, aliyeanza kazi yake hapo miaka ya 1950. Utaona ngoma za watemi, yaani machifu wa Wasukuma, jengo lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi, na nyumba za mhunzi na mganga. Ngoma hazichezwi kwa sababu wewe umefika. Maonyesho hupangwa kabla na hulipiwa, kwa hiyo ulizia siku kadhaa mapema. Njiani utapita Igoma, walikozikwa wengi wa waliokufa katika ajali ya meli ya MV Bukoba ya tarehe 21 Mei 1996. Mimi husimama pale dakika chache pamoja na wageni wangu, na sijawahi kuona aliyelalamika kwamba tunachelewa.

Usijaribu kuunganisha Bujora na daraja jipya la Kigongo–Busisi siku hiyo hiyo, ingawa marafiki watakushawishi. Daraja hilo la kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025, liko upande mwingine kabisa, na utaimaliza Jumapili barabarani. Kama unajiona umeona kidogo, kumbuka kwamba Speke, mvumbuzi Mwingereza, alifika hapa tarehe 3 Agosti 1858, akakaa siku chache tu, akaondoka akidai ameona chanzo cha Mto Nile. Wenzake walimbishia miaka mingi.

Dagaa wa kubeba nyumbani ununue mwisho. Chukua wachache kiganjani, uwasugue, utazame kinachobaki: walioanikwa mchangani huacha mchanga, walioanikwa kwenye chanja au nyavu huacha vumbi jepesi la magamba tu. Funga kwa mifuko miwili, kaza, kisha uweke ndani ya ndoo yenye mfuniko, hasa kama unapanda ndege. Mdogo wangu wa kiume alitumia mfuko mmoja, akaweka chini ya koti la suti aliloazima kwa rafiki yake.