Barua kwa mwanangu: kocha msaidizi akiondoka, yafunike majina kwanza

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema kocha wa mstari wa mbele wa mashambulizi katika timu yenu ya chuo ya futiboli ya Kimarekani ameaga siku chache tu baada ya vijana wa sekondari kutia saini ya kujiunga nanyi mwanzoni mwa Desemba. Kocha mkuu amekukabidhi kazi ya kuandaa orodha ya watakaoshika nafasi yake, na tayari mawakala na marafiki wa marafiki wamekurundikia majina ishirini. Swali lako ni uanze na jina gani.

Usianze na jina. Yafunike yote mpaka kesho. Chukua karatasi uandike kazi alizokuwa akifanya huyo aliyeondoka, siyo cheo chake. Cheo kinasema anafundisha wale watano wanaomkinga kwotabeki, yule mrusha mpira. Ukichunguza utakuta ndiye pia aliyepanga michezo ya kukimbia na mpira kila wiki, ndiye aliyekuwa na eneo lake la usajili, ndiye aliyekuwa akiongea na wazazi wa takoli wenu wa kushoto, yule mkingaji wa pembeni, na siku ya mechi ndiye aliyemwambia mratibu wa mashambulizi kwa nini njia ya kulia imeziba. Hizo ni kazi nne, na si lazima mtu mmoja azirithi zote. Eneo la usajili linaweza kwenda kwa kocha wa wakimbiaji kama ana jamaa huko. Mipango ya kukimbia anaweza kuichukua mratibu mwenyewe. Ukishazigawa ndipo utajua unatafuta mtu wa kufanya nini. Ajira nyingi za nafasi hii huharibika kwa sababu watu walitafuta pacha wa aliyeondoka, wakampata mwenye sifa moja na kusahau nyingine tatu.

Kabla ya hapo kuna jambo la leo leo: wachezaji. Kocha msaidizi akiondoka, kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, haziwafungulii wachezaji wake dirisha la pekee la kuhama. Dirisha la namna hiyo hufunguka kocha mkuu anapobadilika tu: siku 15, kuanzia siku ya tano baada ya mrithi wake kutangazwa. Lakini usijifariji na hilo. Potali ya uhamisho, ile orodha ya wachezaji wanaotaka kuhama chuo, inafunguliwa kwa wote tarehe 2 Januari na kufungwa tarehe 16. Una wiki tatu hivi, na aliyeondoka anazijua namba zao za simu kuliko wewe.

Kwa hiyo kocha mkuu mwenyewe, siyo wewe wala katibu wake, awapigie leo wale watano wanaoanza, kisha wale waliotia saini juzi na wazazi wao. Aseme mambo matatu: nani atawafundisha kesho asubuhi, ni lini watajulishwa mrithi, na kama mfumo wa uchezaji unabaki. Asitaje jina la anayemtaka. Jina likitajwa na mtu asije, simu ya pili haitaaminiwa. Wewe kaa na wakongwe wawili au watatu, uwaulize ni nini kilichowasaidia msimu huu na ni nini hawakukielewa. Usiwape kura ya kuchagua kocha. Wakipiga kura na wasisikilizwe, umejitengenezea kidonda bure.

Wa kuwafundisha kesho mnaye. Zamani katika daraja lenu la juu la vyuo, FBS, aliyeruhusiwa kufundisha uwanjani alikuwa kocha mkuu, wasaidizi 10, na wale wasaidizi wanaosoma shahada ya pili. Tangu Juni 2024 wachambuzi, wale wa kazi ya nyuma ya pazia, nao wanaruhusiwa kufundisha mbinu. Kikomo kilichobaki ni cha kutoka nje ya chuo kusajili: kocha mkuu na wasaidizi 10 tu. Maana yake mchambuzi wenu anaweza kusimama mbele ya wale watano kesho, ila asikanyage nyumbani kwa kijana yeyote mpaka ofisi ya kanuni imwandike rasmi katika nafasi iliyoachwa wazi.

Kama mna mechi ya mwisho ya msimu, huyo wa muda asibadili kitu. Unakumbuka timu ya chuo cha Alabama: mratibu wao wa mashambulizi, Lane Kiffin, alipata kazi ya ukocha mkuu Florida Atlantic Desemba 2016, akabaki mpaka nusu fainali, kisha akaachishwa wiki moja kabla ya fainali. Steve Sarkisian, aliyekuwa mchambuzi pale pale, ndiye aliyechagua michezo ya kuchezwa usiku wa fainali, tarehe 9 Januari 2017. Walifungwa na Clemson 35-31, kwa pasi ya alama ikiwa imebaki sekunde moja. Watu bado wanabishana kama Kiffin angeshinda. Mimi natazama jambo jingine: mchezo ulichezeka, wachezaji walijua wafanye nini, kwa sababu aliyeingia alikuwa anasema maneno yale yale waliyoyazoea.

Leo hiyo hiyo pia, funga milango. Akaunti yake ya mfumo wa video ifungwe, tableti irudi, ufikaji wa daftari la mbinu uondolewe. Tazama ratiba yenu. Kama amekwenda kwa timu mtakayocheza nayo, maneno ambayo senta, yule anayeanzisha mpira, huwatupia wenzake kabla ya mpira kuanzishwa yabadilishwe. Redio ya kofia haitawaokoa hapo: inazungumza na mchezaji mmoja tu na hukatika saa ya kuhesabu muda wa kuanzisha mpira ikibaki na sekunde 15, na baada ya hapo ni midomo na mikono. Maneno kumi au kumi na mawili yanatosha kubadilishwa. Msibadili yote, mtawachanganya wenu kabla ya kuwachanganya wao.

Sasa swali litakaloamua orodha: mfumo unabaki au hapana? Usikubali jibu la "tutaona." LSU, timu ya chuo cha jimbo la Louisiana, walimaliza msimu wa 2019 na ushindi 15 bila kupoteza. Mratibu wao wa ulinzi, Dave Aranda, akaenda Baylor, nao wakamleta Bo Pelini, aliyeng'oa ulinzi wa watu watatu mbele akaweka wa wanne na kuwataka mabeki kila mmoja amkabe mtu wake. Mazoezi ya majira ya kuchipua yalikatizwa na korona. Mechi ya kwanza, Septemba 2020, Mississippi State waliwapiga 44-34 huku kwotabeki wao K.J. Costello akirusha yadi 623, rekodi ya ligi ya SEC. Pelini alidumu msimu mmoja. Ni kweli wachezaji wengi walishakwenda NFL, ligi ya kulipwa, lakini waliobaki walikuwa wakijifunza lugha mpya kwa mwezi mmoja. Mstari wa mbele una vijana kumi na tano hivi. Ni rahisi kocha mmoja ajifunze maneno yenu kuliko kumi na tano wajifunze ya kwake.

Ndiyo sababu watu hupenda kupandisha wa ndani, na Clemson ni shule nzuri ya pande zote mbili. Mratibu wao wa mashambulizi, Chad Morris, alipokwenda chuo cha SMU mwishoni mwa 2014, kocha mkuu Dabo Swinney aliwapandisha Tony Elliott na Jeff Scott, na ubingwa wa msimu wa 2016 na wa 2018 ukaja. Mwishoni mwa 2021 waliondoka mratibu wa ulinzi Brent Venables na Elliott, akapandisha tena wa ndani, Brandon Streeter kwa mashambulizi na Wes Goodwin kwa ulinzi. Streeter aliondolewa Januari 2023, Goodwin Januari 2025, na warithi wao wakatafutwa nje. Goodwin alikuwa ametoka katika kazi ya nyuma ya pazia, wakati Elliott na Scott walikuwa makocha wa uwanjani, mmoja wa wakimbiaji na mwingine wa wapokeaji. Kwa hiyo mchambuzi wenu mpe nafasi ya haki katika orodha, ila mpime kwa aliyoyafundisha kwa mikono yake. Miaka aliyokaa jengoni isikudanganye.

Sasa funua majina. Punguza mpaka nane kwa simu, kisha matatu kwa video. Tazama video ya makocha iliyopigwa kutoka nyuma ya milingoti ya goli. Ile ya televisheni haionyeshi miguu. Chagua mechi tatu: moja dhidi ya timu yenye nguvu kuliko yake, moja ya Novemba majeruhi wakiwa wengi, moja waliyofungwa. Fuata hatua ya pili ya kila mmoja, siyo ya kwanza. Tazama walinzi wawili wanapopishana kwa ujanja: gadi, yule mkingaji wa ndani, na takoli wanakabidhiana watu wao au wanagongana? Hesabu makosa ya kuanza kabla ya mpira. Kisha mchukue mchezaji mmoja wa akiba umlinganishe Septemba na Novemba. Hapo ndipo kazi ya kocha inapoonekana, maana mwenye vijana wenye vipaji huonekana fundi hata akilala.

Kwenye usaili mpe kalamu na ubao. Achore mchezo wenu wa kukimbia na mpira uitwao zoni ya ndani dhidi ya walinzi wanne mbele. Akimaliza, msogeze mlinzi mmoja wa kati, kisha mshushe beki wa nyuma, uone kama anabadili kanuni au anabadili hadithi. Halafu awafundishe wachambuzi wenu dakika 15 kama vijana wa miaka 18, jambo moja tu, naye aseme kwa nini. Muulize pia hesabu: kikosi kina kikomo cha wachezaji 105, na kikomo cha mapato ambayo chuo kizima kinaweza kuwagawia wachezaji wa michezo yote kilikuwa dola milioni 20.5 mwaka wa 2025-26. Yeye anahitaji vijana wangapi, nani alipwe kwanza, nani atamwacha? Anayejibu "kocha mkuu ataamua" mwandike pembeni.

Wadhamini aliowaandika watamsifu. Wewe mpigie mtunza vifaa, mtaalamu wa tiba na mshauri wa masomo wa alikotoka. Hao wanajua anavyozungumza timu ikifungwa.

Mengine ni ya karatasi, lakini ndiyo hukwamisha. Chuo cha umma mara nyingi lazima kitangaze nafasi kwa siku kadhaa, kwa hiyo tangazo litoke leo hata kama hujui unamtaka nani. Uchunguzi wa historia yake, pamoja na malalamiko ya unyanyasaji na adhabu za NCAA, ufanywe kabla ya ofa. Soma fidia ya kuvunja mkataba alionao sasa, nani ataibeba, na kama mwajiri wake wa zamani bado anamlipa, maana malipo hayo yanaweza kukatwa kulingana na mshahara mpya, na hilo likamfanya adai mshahara wa ajabu, mdogo au mkubwa. Fidia ya mkataba wenu iwe kubwa zaidi akienda kwa mpinzani wa ligi yenu. Habari isitoke mpaka sahihi ipo, na Januari kwenye mkutano wa mwaka wa makocha, AFCA, watu watakuuliza mpaka lifti.

Ukibakiza watatu, nitumie video zao za nyuma ya milingoti. Wasifu wao baki nao.

Mama