Kabla hujaunga amplifaya mbili kwenye spika zako
Wanaoanza kutumia amplifaya mbili, moja ya besi na nyingine ya twita (kispika cha sauti nyembamba), huuliza wati kwanza. Ningekushauri uulize kitu kingine: kila moja inakuza sauti kwa kiasi gani? Ya wati 100 kwenye besi na ya wati 50 kwenye twita zinaweza kupatana vizuri kabisa, mradi zinakuza sawa. Zikitofautiana hapo, hata ziwe za bei gani, besi itamfunika mwimbaji au twita itakuchoma masikio.

Kupima ni rahisi. Chomoa spika (kwa amplifaya za transista tu, ya valvu isiwashwe bila spika), zipe zote mbili mlio wa hezi 50 kutoka chanzo kimoja, sauti ikiwa ya chini, kisha pima volti za AC pale zinapofungwa waya za spika. Nachagua hezi 50 kwa sababu testa nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kwa umeme wa ukutani. Kwenye milio ya juu zinadanganya. Huku ikisoma volti 2 na kule 2.8, tofauti ni desibeli 3: upande mmoja unapewa nguvu mara mbili ya mwenzake. Punguza geini (kiasi cha kukuza) ya iliyozidi. Kama haina kitufe cha geini, tafuta mbili za modeli moja, kila spika ipate amplifaya yake: chaneli (njia ya sauti) moja besi, nyingine twita.

Spika yenyewe lazima iwe na jozi mbili za kufungia waya. Kati yake kuna vibati viwili vya chuma. Vitoe vyote kabla hujafunga waya hata mmoja! Ukiviacha, umezigonganisha amplifaya mbili uso kwa uso, na transista zake zinaweza kuungua papo hapo.

Usichanganye haya na kubriji, yaani kuzifanya chaneli mbili kuwa moja. Hapo kila chaneli inaiona spika ya omu 8 (kipimo cha ukinzani wake) kama ya omu 4, na ya omu 4 kama ya 2. Amplifaya nyingi za nyumbani hazihimili hiyo ya mwisho.

Mvumo ukitokea, chomeka mashine zote kwenye ekstensheni moja. Waya wa ethi usiukate kamwe, hata fundi akikuambia ndiyo dawa. Ndio unaokukinga na shoti.

Priampu (mashine inayoitangulia amplifaya na kuipa sauti) iwashwe kwanza, amplifaya mwisho. Wakati wa kuzima, anza na amplifaya, la sivyo mshindo wa priampu inapozimwa utaishia kwenye twita.