Mrija Ukichomoka, Usikimbilie Gundi

Juzi kijana wa Micheweni kaniandikia: "Kaka, printa yangu ya 3D nimeiunda mwenyewe, ila mrija wa Teflon unachomoka kichwani kila baada ya dakika 20. Nimeshatia supaglu mara tatu." Printa hiyo huunda vitu kwa kuyeyusha uzi wa plastiki, na mrija ndio unaoufikisha uzi kichwani unakoyeyushwa. Moyo ulinipiga paa. Huyo ni mimi wa miaka miwili nyuma.

Hapa Chake Chake fundi cherehani mmoja alinipa kazi ya gurudumu la meno la mashine yake. Nikamwahidi Alhamisi. Usiku wa kuamkia siku hiyo, kazi imefika nusu, nasikia tak, tak, tak: mota inasukuma, meno yanausaga uzi wa plastiki pale pale. Kufungua, mrija umerudi nyuma milimita mbili hivi, na plastiki iliyoyeyuka imejaa kwenye pengo, imeganda kama kizibo. Nilikwenda kumwomba radhi. Akanijibu mbele ya wateja, "Vitu vya kuchezea waachie watoto." Maneno yale bado ninayo kifuani.

Ndugu zangu, Teflon ndiyo ile inayopakwa vikaango ili yai lisigande. Supaglu itaishika wapi? Mrija hushikwa kwa kubanwa. Viungio vya kubonyeza, vyenye meno ya chuma ndani, vinafaa, lakini ukishaingiza mrija vuta juu kola ya kiungio, ile pete ya kubonyeza, uiwekee klipu, la sivyo mrija utacheza.

Mimi sikuwa navyo, nikachukua nati ya M4, yaani ya skrubu ya milimita 4. Mrija wangu ni milimita 4 nje, 2 ndani. Kwanza nilipenyeza keekee ya milimita 2 kwa upande wake laini, tundu lisije likabanika, ndipo nikaizungusha nati polepole juu ya mrija, ikajichongea njia yenyewe. Nati nikaibana chini ya kipande cha bati kwa skrubu mbili. Ncha ya mrija ikatwe kwa wembe mpya, iwe sawasawa kabisa, igusane na nozeli, ile ncha inayotoa plastiki iliyoyeyuka. Na joto lisipite nyuzi 240 za Selsiasi, Teflon huanza kuharibika.

Vijana, tuache wepesi wa kupaka na kuondoka. Ufundi unataka mtu akae na kitu, akiangalie, akifungue tena. Nasema kwa uchungu, kwa sababu nililipa.

Wiki iliyopita nimechapa saa 9 mfululizo, mrija haukusogea. Jana nimelichapa na lile gurudumu. Liko mezani, bado sijalipeleka.