Mdogo wangu wa Lindi, weka chini hilo desa

Umesema umebakiza miezi mitatu ufanye mtihani wa Kiingereza wa Cambridge wa ngazi ya C1. Umenunua fotokopi ya maneno 2,000 yenye Kiswahili pembeni, unameza maneno 30 kwa siku, umefika herufi D. Unauliza kama mwendo huo unatosha, sehemu ya kusikiliza uifanyeje, na insha uanze lini. Leo nakujibu hilo la kwanza tu.

Weka chini hilo desa. Leo, usisubiri kumaliza herufi D. Mimi nilifika Z na sikupita.

Nilihitaji alama 180, nikapata 176. Kwa alama hizo unapewa cheti cha ngazi ya chini yake, B2, na chuo nilichoomba hakikukitaka. Fungu langu la korosho kutoka shamba la baba Tandahimba, msimu mzima, liliishia humo: tuisheni, ada ya mtihani, nauli ya basi la alfajiri kutoka Mtwara. Narudi navuka Daraja la Mkapa nikiwa na furaha, kwa sababu karibu kila neno nililoliona kwenye karatasi nilikuwa nalijua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Maneno niliyajua.

Aliyeniuzia lile desa alikuwa na chumba cha tuisheni hapa mjini, na ubao mzuri, na sauti ya kujiamini. Kurasa 140, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia, kwa mpangilio wa alfabeti. Alituambia, "Meza hii, mtihani umekwisha." Tulipomwuliza tutafanya lini mazoezi ya karatasi zenyewe, akasema hayo ni ya wiki ya mwisho. Wiki ya mwisho ilipofika tukagundua hajawahi kuukalia mtihani huo, wala hakujua una sehemu ngapi. Hela alishachukua. Watu wa namna hii wanakula jasho la wazazi wetu, nami sitalisema hilo kwa upole. Mama alinisikia nikikariri barazani kila baada ya alfajiri akadhani naleta nyiradi, akawa ananiitikia amina jikoni. Mnaocheka chekeni, ila nipeni kwanza nomino ya "maintain" kwa tahajia sahihi bila kugusa simu.

Sasa sikiliza ubaya wa ile alfabeti. Neno "able" lilikuwa ukurasa wa kwanza. "Disabled" nilikutana nalo wiki kadhaa baadaye, "enable" baada ya hapo, kisha "inability", na "unable" huko mwishoni kabisa. Ukoo mmoja, mama katupwa Mikindani na watoto wametawanywa Newala na Masasi. Nilizijua sura zao mmoja mmoja, lakini hakuna aliyeniambia kwamba ni ndugu. Na mtihani unauliza undugu.

Karatasi ya kusoma na matumizi ya Kiingereza ina sehemu 8, maswali 56, dakika 90. Sehemu ya tatu, swali la 17 mpaka la 24, ni kifungu kifupi chenye mapengo. Kulia mwa mstari kuna neno kwa herufi kubwa, nawe unalinyambua liingie kwenye pengo. Alama 8. Unaweza kuona ni chache, lakini sehemu nne za kwanza ndizo zinazokupa alama ya matumizi ya lugha, na hiyo ni moja ya alama tano zinazotafutiwa wastani. Jumla ya hizo sehemu nne ni alama 36. Mimi nilikosa kupita kwa nukta nne.

Majibu yalipotoka nikatafuta karatasi sita za mazoezi, nikafanya sehemu ya tatu tu, mapengo 48, kisha nikakaa na makosa yangu kama mtu anayehesabu magunia ghalani. Nilikosa 29. Kati ya hayo, ni manne tu ambayo neno lenyewe sikulijua. Kumi na moja nilisahau kukanusha. Tisa niliweka aina nyingine ya neno, kivumishi mahali pa kielezi, kitenzi mahali pa nomino. Matatu nilisahau wingi. Mawili tahajia, na herufi moja ikikosewa hupati kitu. Desa la kurasa 140 lingeniokoa kwenye manne.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, nami nitaisema mpaka mnichoke: FUNIKA KWANZA. Chukua karatasi, funika ule upande wa kulia wenye maneno makubwa. Soma kifungu chote kikiwa na matobo yake. Kwenye kila pengo andika kwa penseli aina ya neno linalotakiwa, kisha weka alama ya kutoa kama maana inakataa, na herufi W kama ni wingi. Ukimaliza ndipo ufunue.

Mfano nimeutunga mwenyewe: "The farmers turned their backs on the auction, they were... to sell at such a low price." Neno la pembeni ni WILL. Ukiliona mapema, mkono unaandika "willing" wenyewe, na sentensi inasomeka vizuri tu kama huijali maana. Lakini umefunika. Kati ya "were" na "to sell" panataka kivumishi. Wakulima wameupa mnada kisogo, bei ni ndogo, basi panakataa. Unafunua, unaandika "unwilling". Sisi tulioona msimu wa 2018, wakulima wa Newala na Tandahimba walivyogoma kuuza mnadani mpaka serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, hatuwezi kukosea pengo hilo. Ila ni lazima uisome sentensi kwanza.

Mwingine: "Her ... to keep a secret cost her many friends." Pembeni ABLE. Mimi ningeandika "unability", neno ambalo halipo. Kwenye koo kadhaa kivumishi kinachukua "un-", nomino inachukua "in-": unable lakini inability, unstable lakini instability, unequal lakini inequality, unjust lakini injustice. Haya ukiyaweka pamoja yanakaa kichwani kwa siku moja. Kwenye desa nilipishana nayo miezi minne bila kuyaona.

Na usiogope, mdogo wangu, kwa sababu kazi hii umezaliwa nayo. Mtoto wa Lindi hafundishwi kwamba kwenye "soma" kuna msomaji, usomaji, kisomo, somesha, someka, na mwandiko usiosomeka. Hata "in-" kugeuka "im-" mbele ya p, b na m, kama "impossible" na "imbalance", masikio yako yanaijua: ndiyo ile n inayogeuka m kwenye nyumba mbaya. Mdomo unajitafutia urahisi. Mbele ya r inakuwa "irregular", mbele ya l "illegal". Lakini usiigeuze kuwa sheria ya kila mahali, maana "unreliable" na "unlimited" zipo, ndiyo maana nasema jifunze ukoo ndani ya sentensi.

Daftari langu la pili lilikuwa la kawaida la mistari. Ukoo mmoja ukurasa mmoja, koo tano kwa wiki, si maneno 30 kwa siku. Kila ndugu anapewa sentensi inayohusu mtu ninayemjua: dereva wa bodaboda, jirani wa Chuno, bibi na shamba lake. Chini ya ukurasa naandika anayekanusha, na mwenye tahajia ya ukorofi, kama "maintenance" au "pronunciation" iliyoangusha o. Jumamosi nafanya kifungu kimoja kamili, nikiwa nimefunika. Mara ya pili nilipata 191.

Kama pengo limekushinda kabisa, andika chochote, jibu baya halikatwi alama. Na angalia wingi: "many of the" inataka "inhabitants", si "inhabitant". Kwetu ngeli ingekupigia kelele, kwao ni s moja ndogo tu.

Anza na "rely". Niandikie hapa chini ukoo wake wote, kila mmoja ndani ya sentensi yake, na yule wa kukanusha usimsahau. Nitapita baada ya magharibi kusahihisha.