Kofia ya Master Chief iliyolegea

Mdogo wangu, boksi halitakufaa. Umesema kofia ya boksi unayojitengenezea, ya Master Chief, yule askari wa mchezo wa video wa Halo, imelegea mashavuni kabla hata ya rangi; hapo Lamu karatasi hunywa unyevu wa bahari usiku kucha. Tafuta mikeka ya sponji ya watoto, ile inayoshikana kwa meno. Kata kwa wembe mpya, maana butu unachana. Paka gundi ya fundi viatu pande zote mbili, subiri mpaka ukigusa haigandi kidoleni, ndipo ubandike. Lenga vizuri, ikishashika haibanduki. Na ufanyie barazani, ile harufu inalewesha! Kabla ya rangi, pitisha gundi nyeupe ya mbao mara tatu. Kile kioo cha usoni cha rangi ya dhahabu kitaingia mvuke wa pumzi, kwa hiyo toboa matundu chini ya kidevu.