Mshumaa, glasi na alama ulizokatwa

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini mwalimu alikukata alama ulipoandika chini ya "Uchunguzi" kwamba, ulipofunika kwa glasi mshumaa unaowaka kwenye sahani yenye maji, maji yalipanda ndani ya glasi kwa sababu mshumaa ulimaliza oksijeni. Nakubaliana naye. Maji kupanda uliyaona. Oksijeni kuisha hukuiona, uliihitimisha.

Rudia jaribio, uandike tu kinachofika machoni, masikioni, puani au kwenye rula. Angalia hasa maji yanapanda lini. Utaona yanapanda kwa kasi mwali ukishafifia na kuzimika, si polepole wakati wote unapowaka. Ukifunika haraka, huenda ukaona pia viputo vya hewa vikitoka ukingoni. Hayo mawili yanalitikisa hitimisho lako: hewa iliyopashwa moto ilitanuka, nyingine ikatoroka, kisha iliyobaki ikapoa na kusinyaa. Tena mshumaa huzimika oksijeni nyingi ikiwa bado imo.

Kuhitimisha si kosa, sayansi inakuhitaji ufanye hivyo, ila kuwe na sehemu yake. Ukikwama kwenye sentensi, tafuta "kwa sababu" au "kwa hiyo". Likiwemo mojawapo, ihamishie kwenye hitimisho.