Barua kwa mwanangu: kura yangu ugenini

Mwanangu mpendwa,

Jumapili uliniambia kwenye simu kuwa wageni wako walibishana siasa garini kutoka Arusha hadi Karatu, ukaniuliza: mama, ungekuwa raia wa kwao, ungepigia chama gani? Nilikuomba muda. Nimelifikiria swali lako wiki nzima nikichuma kahawa.

Uingereza ningewapa chama cha Labour. Unajua hapa hospitali za serikali zilianza uchangiaji wa gharama za matibabu mwaka 1993. Bibi yako alilazwa muda mfupi baadaye, na hatukuruhusiwa kumtoa mpaka tulipouza ng'ombe wa maziwa. Kule, Labour ya Waziri Mkuu Clement Attlee ilianzisha NHS, huduma ya afya ya taifa, Julai 1948, nchi imetoka vitani, chakula bado cha mgao, na mgonjwa akatibiwa bila kudaiwa mlangoni. Waliofanya hivyo nina deni nao, hata wakiniudhi kwa mengine.

Ujerumani mtu anapewa kura mbili, ya mbunge wa jimbo na ya chama. Ya mbunge ningemtazama mtu mwenyewe. Ya chama ningewapa SPD, chama cha Social Democrats, kwa sababu ya sheria ya mwaka 2021 inayozitaka kampuni kubwa zichunguze kama wafanyakazi wananyanyaswa huko bidhaa zinakotoka. Hubertus Heil wa SPD aliipigania, na kwa haki niseme Gerd Müller wa chama kingine, CSU, naye aliisukuma sana. Sisi tunaoishi kwa kihamba cha kahawa, sheria kama hiyo inatuhusu.

Marekani ndiyo iliyoninyima usingizi. Najua ulitegemea niseme Democratic. Lakini mama yako mdogo alikuwa amebaki kilo 38 zilipofika dawa za ARV, na leo analima shamba lake mwenyewe. Dawa zile zililetwa na PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na Ukimwi, alioutangaza George W. Bush wa Republican mwaka 2003. Mwaka huohuo akaivamia Iraki. Kina mama wa Baghdad nao walikuwa na wadogo zao. Hata hivyo, mwanangu, uchaguzi wa 2004 nadhani ningempa Bush kura yangu, na ningerudi nyumbani nikilia. Leo nisingerudia. Januari 2025 serikali ya Trump, wa chama hichohicho, ilisimamisha misaada ya nje, na mdogo wangu akaanza kuhesabu vidonge vilivyobaki kwenye kopo. Leo ningewapa Democratic.

Kwa Waafrika wenzetu, Botswana ningekaa na chama tawala cha BDP miaka mingi, maana almasi zao zilijenga shule. Ila miaka 58 madarakani ni mingi. Mwaka 2024 ningehamia UDC, muungano wa upinzani wa Duma Boko. Rais wa wakati huo, Masisi wa BDP, alikubali kushindwa kabla kura hazijamalizwa kuhesabiwa, na kwa hilo namheshimu.

Ya hapa nyumbani usiniulize. Hata baba yako sijamwambia tangu 1995.

Mama mdogo anakusalimu. Amekuwekea mkungu wa ndizi, uje uchukue kabla haujaiva.

Mama yako,
Moshi